Nipandishe

Mashine ya kunyolea iliunguruma mezani, na waya wake haujachomekwa popote. Kinyozi aliisikia lakini hakugeuka. Alikuwa anapigwa.

Anapigwa kwenye mchezo wa simu, tuelewane. Askari wake wa chuma alikuwa anatandikwa kama godoro la mgeni, na mtandikaji alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyejimwaga kwenye kiti cha wateja na simu yake, anatafuna karanga.

"Shem, hasira zinakuponza," alisema shemeji. "Ukipigwa moja, unarusha tano hewani. Kinga kwanza. Mwache arushe yeye, akikosa ndiyo umpige."

"Usinifundishe kwenye kiti changu!"

"Basi nifundishe wewe. Kumi na nne bila!"

Na si kwamba kinyozi alikuwa mvivu. Miezi mitatu alirekodi kila pambano aliloshindwa na kulitazama upya, akihesabu pumzi kati ya pigo na pigo. Alizoeza kidole gumba kukinga mpaka kikaota sugu. Bado alikuwa daraja la mwisho kabisa.

Shemeji alipotoka kununua maji, skrini ilimletea mpinzani asiye na jina. Akammaliza kinyozi kabla hajagusa kitufe, kisha akaandika: "Unataka nini?"

Kinyozi alikusudia kuandika "Nipandishe daraja," kama wachezaji wote wanavyoombana. Ila alikuwa na hasira, na mwenye hasira hana subira hata na maneno yake mwenyewe. Akaandika "Nipandishe," akatuma.

Jamani! Neno hilo likiwa tupu si la kumtumia usiyemjua. Mtu atakuuliza, "Nikupandishe wapi?" Asiye mtu hakuulizi. Anakupanda.

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa saluni. Mashine ikanyamaza. Kitu cha baridi kikaingia kiganjani, kikapanda taratibu mpaka begani.

Wiki nzima kinyozi hakushindwa. Vidole vilikinga kabla jicho halijaona, vikapiga palepale mpinzani alipokosa. Akapanda madaraja sita. Tatizo, simu ikizimwa vidole havikuzimika. Mezani mkewe alinyoosha mkono kuchukua chumvi, mkono wa kinyozi ukaudaka hewani na kuusokota.

"We! Unapigana na nani?" Mkewe, fundi cherehani wa chumba cha pili, hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Si mimi," alinong'ona kinyozi. "Mke wangu, naapa, si mimi."

Siku iliyofuata, saa tisa mchana, shemeji alikuja kunyolewa ndevu. Akaegemea, akafumba macho, akasema kwa utani, "Shem, ukipanda usitusahau," na wembe ukashuka shavuni vizuri, ukapita kidevuni vizuri, ukafika shingoni ukasimama, na mashine ikaanza kuunguruma, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikarudi nzito kiasi cha kukaba koo, na kinyozi akauvuta mkono wake kwa mkono wa pili, akavuta kwa nguvu zote mpaka jasho likamwingia machoni, na mkono ukabaki palepale, umetulia, unahesabu pumzi za aliye chini yake.

"Dada," shemeji aliita kwa sauti ndogo. "Dada, njoo."

Dada akaja, utepe wa kupimia shingoni, akaona, na hofu yake yote ikageuka hasira.

"We jini! Huko kwenu hakuna vichwa? Umekosa wanaume huko wa kukalia mpaka uje kwa huyu wangu, mwenye mgongo mbovu?"

Kinywa cha kinyozi kikafunguka. Sauti haikuwa yake. "Aliomba mwenyewe. Alisema nimpandishe. Hakusema mpaka wapi."

"Mimi sijaomba kitu! Uachie mkono wa mume wangu! Sasa hivi!"

"Huo tu?"

"Uachie nimesema!"

Wembe ukaanguka sakafuni. Shemeji akaruka kitini na povu lake la sabuni, akashika shingo, akaikuta nzima. Mkono wa kinyozi ukalegea, ukapata joto, ukapapasa hewani kama wa kipofu mpaka ukakipata kiganja cha mkewe. Ukakishika. Ukakibana kwa kutetemeka, kwa kuomba, haukutaka kukiachia.

Mwanamke akainua macho kumtazama mumewe usoni. Uso ulikuwa unatabasamu kuelekea mlangoni, kwenye benchi la wateja.

"Haya," kinywa kikasema, "nani anafuata?"