Pazia la Alhamisi Mchana

Siku Qiu Wanling alipokutana na Bao Zhengqi, soko la vitambaa la Keqiao lilikuwa limefurika watu, na pazia la umeme dukani kwa Wanling lilinguruma kama mashine ya kusaga. Wanling, ndani ya gauni la hariri la kijani, alikuwa akimtabasamia mteja huku aibu imemjaa.

"Dada, mota yako nzima. Mkanda ndio umelegea," alisema kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu.

"Na wewe nani, daktari wa mapazia?"

"Karibu na hapo. Kiwandani kazi yangu ni kuzinyamazisha mota."

"Na mimi je, utaniweza?"

"Wewe endelea kuongea tu, bibie."

Wakapendana. Miezi minne walikula tofu ya kunuka kwenye sahani moja. Kisha zikaja Alhamisi.

Kila Alhamisi mchana Zhengqi alipokea simu ya Wanling kwa kunong'ona.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kiwandani, laazizi."

Alhamisi moja, nyuma ya sauti yake pazia likasikika likijifunga. Wanling alikuwa ameuza mapazia miaka tisa. Aliusikia mngurumo, halafu *tak!* pale reli inapoungana. Reli za kiwandani haziungwi; hili lilikuwa pazia la nyumbani kwa mtu. Nani anafunga pazia saa saba mchana? Mara sauti ya kike ikasema, "Taratibu bwana, majirani watasikia!"

"Nani huyo?"

"Nani? Ah... nitakupigia."

Alhamisi iliyofuata Wanling alimfuata Zhengqi kwa pikipiki yake ya umeme hadi kwenye jengo moja, akapanda nyuma yake hadi ghorofa ya sita, akagonga mlango. Akafungua mwanamke mwenye gauni la kulalia, nywele timtim.

"Zhengqi yuko wapi?"

"Fundi? Yuko chumbani."

"Chumbani!"

Akampita kama upepo. Zhengqi alikuwa juu ya ngazi, skrubu mdomoni.

"Wanling! Nilikuwa nitakuambia..."

"Lini? Baada ya harusi yenu?"

"Harusi gani?" mwenye nyumba akafoka. "Mimi muuguzi, nafanya zamu za usiku, nalala mchana. Pazia hili likijifunga nashtuka kitandani. Na nimelinunua dukani kwako! Nilitaka kukushtaki kwa uongozi wa soko, lakini nilipokuja kulalamika nikamkuta huyu dukani kwako, akaniomba nimpe muda alirekebishe Alhamisi kwa Alhamisi."

Wanling akainua macho. Kweli, reli ilikuwa yake. Mafundi wake walikuwa wameifunga kwenye ubao mwembamba wa dari, ukawa unavuma kama ngoma.

"Niliogopa watakufungia duka," Zhengqi alisema. "Nilidhani nakulinda."

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya."

Wanling akamwomba muuguzi radhi, akavua viatu, akapanda ngazi. Wakahamishia vishikio kwenye zege, wakaweka mpira katikati, wakakaza mkanda, wakaisawazisha ile reli. Muuguzi, akiwa amelipa pazia mgongo, akabonyeza kitufe.

"Mbona halifungi?"

"Limeshafunga, dada," Wanling akajibu.

Walipofika chini, Zhengqi alimshika kiwiko. "Wanling, tuoane. Pete sina hapa, lakini nimekusudia."

Wanling alimkazia macho. Shaka ilikuwa bado haijamtoka.

"Jumamosi nipeleke kwa mama yako. Nataka kumuuliza kama uongo uliuanza utotoni."

"Atakuambia yote, hata ya aibu."

"Vizuri. Nikitoka kwake ndipo nitakujibu."

"Na mkono wako je? Nao nisubiri Jumamosi?"

Wanling akampa mkono.