Mgeni wa Jeshi la Kaskazini

Sambusa ilikuwa imeng'atwa, na ilikuwa bado mbichi.

Shufaa aliigeuza mkononi. Alikuwa amezikunja mwenyewe, pembe tatu safi, ukingo umebandikwa kwa uji wa ngano, akazipanga kwenye sinia ndani ya friji na kuzifunika kitambaa. Hii moja ilikuwa na alama za meno mapana, meno ambayo yangejaza kinywa cha ng'ombe. Na kama hilo halikutosha, aliyeing'ata hakuimeza. Alikuwa ameitafuna nyama mpaka ikawa rojo, akairudisha ndani, akaufunga ukingo upya kwa mate yake. Mate yale yalivutika kwenye vidole vya Shufaa kama bamia. Alikimbilia sinki kunawa.

"Baba Olive! Ni weye umefanya uchafu huu?"

Bakiri, mumewe, alikuwa chumba cha mbele, kwenye meza anayotengenezea simu za watu wa Rosettenville, mtaa wao huku Johannesburg. Simu za watu zilikuwa zimerundikwa kwenye ndoo sakafuni. Mezani palikuwa na vita.

Shufaa aliuchukia mchezo ule tangu siku ulipoingia nyumbani. Ulikuwa ramani ya karatasi ngumu ya nchi isiyokuwepo duniani, nchi ambayo wananchi wake wanauana wao kwa wao, na juu yake vijiwe vya rangi tano, kila rangi jeshi lake. Wachezaji walikuwa Warundi waliotawanyika, huyu Ubelgiji, yule Kanada, na Damien, rafiki wa Bakiri, aliyefundisha chuo kule Braamfontein. Kila mmoja alimtumia Bakiri amri zake kwa siri kwa barua pepe. Ijumaa ikifika, Bakiri, ambaye ndiye msimamizi, alizifungua zote kwa pamoja, akasogeza vijiwe, akawaandikia nani kachoma nini. Watu wazima waliokimbia vita pekupeku, godoro kichwani, sasa wanalipia intaneti ili wapate kupigana! Shufaa aliwaambia kwamba aliyeungua hachezei kiberiti. Walimjibu kwamba wanawake hawaelewi mikakati.

Basi jeshi la kaskazini likabaki bila kamanda, maana mwenyewe alichoka akajitoa. Bakiri alitangaza kwamba kuna kiti kitupu. Jioni moja, adhana ya magharibi ikilia kwenye simu ya Shufaa, ikaingia barua isiyo na jina la mtumaji. Ndani yake palikuwa na neno moja tu: Hodi.

Kwao Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, hata mtoto anayejifunza kutembea anajua jambo hili. Hodi ya magharibi haijibiwi mpaka umwone aliyeipiga. Unanyamaza, unachungulia, unauliza nani mwenzangu. Sauti haikaribishwi, anakaribishwa mtu. Bakiri naye alijua, ila aliona barua pepe haina mlango wala kizingiti, akaandika: Karibu sana, kiti ni chako, jisikie nyumbani.

"Umemkaribisha nani?" Shufaa aliuliza.

"Mchezaji."

"Ana jina?"

"Atalisema. Eish, Mama Olive, hata huku Joburg unatuletea mambo ya Buyenzi?"

Alicheka, na Shufaa akamwacha acheke. Sambusa ile iling'atwa wiki hiyohiyo.

Mchezo wao ulikuwa na sheria moja ya ajabu. Jeshi lililokatiwa njia ya chakula hula wilaya lilimo, na wilaya ikiisha huwekewa kijiwe cheusi. Wachezaji wengine waliiogopa sheria hiyo na kuikimbia. Mgeni aliipenda. Hakushambulia mtu wala hakufanya mapatano na mtu. Kila Ijumaa amri yake ilikuwa ileile: Tunakaa. Tunakula.

Na kila Bakiri alipoweka kijiwe cheusi kwenye ramani, kitu jikoni kiliharibika. Mchele uliota usaha, ndiyo, usaha, wa manjano, wenye joto. Maziwa yalifunguliwa asubuhi yakatoka na nywele. Harufu ikaingia, kwanza kama panya aliyekufia nyuma ya kabati, hata mama wa Kireno aliyewapangisha akaleta mtu wa kumtafuta panya huyo, wasimwone. Baadaye harufu ilipata nguvu ikawa na ladha. Shufaa alikuwa akiimeza pamoja na mate yake. Alipopeleka sambusa zake za biashara mtaa wa Mayfair, alizikaanga kwa jirani, akiwa ameficha pua ndani ya mtandio, akijionea kinyaa yeye mwenyewe kwamba bado anauza.

Lakini kilichomvunja moyo kilikuwa Bakiri. Mtu aliyekuwa akikagua kijiko kabla ya kukitia mdomoni alianza kula vile vilivyooza. Alivila kwa hamu, akifumba macho, na kila alipokula ndivyo alivyozidi kukonda. Mashavu yalibonyea. Pembeni mwa ramani aliweka sahani ya pili, akaipakulia.

"Ya nani hiyo?"

"Mgeni hali peke yake, Mama Olive. Nawe umekulia wapi?"

Olive, binti yao wa miaka minane, mtoto aliyezaliwa hapahapa na ambaye Kiswahili anakisikia kuliko anavyokisema, alikuja jikoni akamshika mama yake sketi.

"Yoh, Mama. Anko wa chini ya meza anatafuna na mdomo wazi. It's gross."

Siku hiyo Shufaa alimpeleka mtoto Mayfair kwa Bi Yasmin, mama wa Kitanga mwenye duka la udi na ubani, mnunuzi wake wa sambusa na mtu ambaye watu humwendea dua zao zinapokwama. Hakumweleza mengi. Alimwomba tu akae na mtoto.

Jioni yake Damien alikuja. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na Shufaa alimfungulia kwa mshumaa. Damien alisimama mlangoni akaziba pua kwa kiganja.

"Shemeji, nini kimekufa humu?"

"Ongea polepole," Shufaa alinong'ona. "Anasikia."

"Nani? Mimi nimekuja kumwambia Bakiri tuache mchezo. Yule wa kaskazini ameanza kutuandikia sisi wote. Ananiuliza mama yangu alizikwa wapi. Shemeji, mama yangu hakuzikwa. Nani amemwambia?"

Waliingia chumba cha mbele wakiwa wameshikana mikono kama watoto, na mshumaa ukawaonyesha kwanza ramani, ambayo sasa ilikuwa karibu yote nyeusi kwa vijiwe kutoka kaskazini mpaka ukingo wa chini, kisha sahani mbili, moja ikiwa safi kana kwamba imerambwa, kisha Bakiri mwenyewe ameketi kwenye giza lake huku amefumba macho na ute unamtiririka kidevuni, anatafuna, na Shufaa alipoinamisha mshumaa aone anatafuna nini aliona mdomo wa mumewe umefungwa, umetulia, haujongei hata kidogo, na bado sauti ya kutafuna ilikuwa ikiendelea, nzito, yenye maji, ya mtu asiye na haraka, ikitoka chini ya meza pale karibu na miguu yao, na ikanyamaza kidogo, kama mlaji anavyonyamaza akiona wageni, halafu ikacheua.

Damien alitapika palepale sakafuni. Kitu kikakokota matapishi yake kwenda chini ya meza, na kutafuna kukaanza upya.

Damien hakukumbuka kuaga. Shufaa alisikia miguu yake ikikimbia barabarani hadi kwenye robot, zile taa za njia panda, na honi za magari zikimpigia. Yeye hakukimbia. Alikaa jikoni akilia kwa hasira, maana mtu aliyeketi mle ndani alikuwa amembeba mgongoni kuvuka mto siku walipotoka nyumbani, na hakuwa tayari kumwachia jitu lisilo na adabu hata ya kufunga mdomo linapokula.

Asubuhi alikwenda Mayfair. Bi Yasmin alimsikiliza mpaka mwisho akichambua ubani kwa kucha.

"Hakuingia kwa dirisha huyo," alisema. "Mumeo alimwambia karibu. Kwa hiyo kisomo changu hakimtoi. Nitasoma mpaka nikauke koo, yeye ataniambia mimi nimealikwa, je wewe?"

"Sasa nifanye nini, Bi Yasmin?"

"Aliyekaribisha ndiye anayeaga. Bakiri mwenyewe, kwa mkono wake, aandike: nilikukaribisha, leo nakuaga, nenda salama. Basi. Na nisikilize vizuri, mwanangu, maana nakujua ulivyo na moto. Msimtukane. Msimpe kitu. Msimtume kitu."

"Sawa."

"Rudia."

"Tusimtukane, tusimpe, tusimtume."

Alirudi akiyarudia maneno hayo ndani ya teksi, mtu wa pembeni akimtazama. Alimkuta Bakiri pale mezani. Alipiga magoti mbele yake, akampa kompyuta, akamweleza kila neno.

"Nimuage mgeni?" Bakiri alisema. Pumzi yake ilinuka kidonda. "Tumebakiza wilaya moja tu, Mama Olive. Raundi moja. Usiniaibishe."

"Baba Olive, angalia mikono yako. Angalia unavyokwisha."

"Raundi moja."

Alimbembeleza, akamlilia, akamkumbusha mto. Bakiri aliitikia kila jambo kwa upole, huku kidole chake kikichovya kwenye sahani ya mgeni na kurudi mdomoni, na kwenye kidole hicho Shufaa aliona funza wawili weupe, wanene, wakijikunja. Bakiri aliwaramba kwa utamu, kama mtoto anayeramba asali.

Hapo uvumilivu ulimwisha. Kinyaa kilimjaa mpaka kikasukuma nje maneno yote ya Bi Yasmin. Aliinyakua kompyuta, akamwandikia mgeni kwa herufi kubwa kile ambacho bibi yake angemwambia mgeni yeyote mlafi: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe liko mlango wa nyuma. Huwezi kulima, toka.

Akatuma. Akaenda uani, akachukua jembe lake la kupalilia lengalenga, mchicha wa kwao, akaliegemeza mlangoni kwa kishindo. Aliona amemweza. Nani aliwahi kusikia jini analima?

Kutafuna kukakoma. Usiku ule nyumba ilikuwa kimya, Bakiri alilala kama gunia, Shufaa naye akapitiwa na usingizi, na kulipokucha harufu haikuwepo. Shufaa alivuta pumzi mara ya kwanza baada ya wiki nyingi bila kujiziba. Mchele kwenye gunia ulikuwa mweupe. Bakiri aliamka akiulizia chai, tena akakikagua kijiko, akakifuta kwa mkono wa shati, uliomfunika kiganja, kabla ya kukitumia, na Shufaa alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Alimpigia Bi Yasmin amlete mtoto. Alipika wali, maharage na ndizi, nyumba ikanukia kitunguu, na Bakiri akaikunja ramani akaisukumia nyuma ya kabati. Olive alipofika aliruka mapajani mwa baba yake. Bi Yasmin alibaki nje ya kizingiti, mkono kwenye fremu.

"Karibu ndani, Bi Yasmin!"

"Nisubiri kwanza. Aliagwa?"

"Ameondoka," Shufaa alisema kwa furaha. "Nilimpa jembe. Si unajua methali."

Bi Yasmin alifumba macho.

"Nilikwambia usimpe kitu. Methali hiyo inamfukuza wapi mgeni, Shufaa? Ukimpa mtu jembe umemwambia ugeni umekwisha. Akilima, kashakuwa wa nyumbani. Alilima?"

"Hakulima. Jini gani analima?"

"Umetazama?"

Shufaa hakuwa ametazama. Aligeuka. Bakiri alikuwa kwenye beseni akinawa tayari kwa chakula, na maji ya beseni yalikuwa mekundu kwa udongo. Viganja vyake vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, ngozi ikining'inia.

"Baba Olive, mikono imefanya nini?"

"Sijui," alisema akiishangaa. "Nimeamka nayo hivi. Mgongo nao unauma."

Shufaa alivuta pazia la dirisha la jikoni, ambalo hakuwa amelifungua tangu jana, akauona ua. Uwanja wote ulikuwa umelimwa, matuta yamenyooka vizuri, ya mtu anayejua kazi yake. Na juu ya kila tuta, zimepandwa nusu nje nusu ndani, palikuwa na sambusa, mamia ya sambusa zilizotafunwa na kufungwa tena kwa mate, ziking'aa juani, na zote zilikuwa zinapumua.

Simu ya Bakiri ililia mezani. Barua haikuwa na jina la mtumaji. Shufaa aliisoma akiwa amesimama.

Nimelima. Mikono ya mumeo inafaa, kesho nitaitumia tena. Mgeni halimi, Mama Olive. Pakua.

Alitazama mlangoni. Bi Yasmin alikuwa ameshaondoka, ubani wake umebaki umemwagika kwenye kizingiti. Mezani, Olive alikuwa akimpuliza baba yake viganja, na Bakiri, yule Bakiri wake wa mtoni, alikuwa akimtabasamia mtoto kwa mdomo safi.

Mlango wa nyuma ulifunguka taratibu, na harufu ikaingia. Hakuna aliyebisha hodi. Mwenye nyumba habishi.

Shufaa alichukua sahani ya nne, akapakua.