Injini Iliyolazwa Baridi

Sogeeni, jirani zangu, na ninyi mnaojifanya mnashona nyavu huku masikio mmeyatega huku. Jambo hili halikutokea nchi ya mbali. Lilianzia hapa hapa gatini petu, na nusu yenu mlikuwepo mkipiga makofi.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Mei, na bahari imetulia kama maziwa kwenye sahani. Barafu ilikuwa imekwisha kuondoka na mabata wa baharini wamerudi na makelele yao. Verner alishika usukani kwa mkono mmoja na kikombe cha kahawa kwa mkono mwingine, raha mustarehe. Nyuma yake alikaa mkewe, Gunnel, ndani ya koti la kanisani na koti la kuokolea juu yake, amepakata keki ya mikate iliyopambwa kwa samaki wa samoni na uduvi. Walikuwa wanakwenda bara kwenye ubatizo wa mjukuu wao wa kwanza.

Mbele, kwenye kiti ambacho hakuna mwingine anayethubutu kukikalia, alikuwa mzee Edvin, baba yake Gunnel. Boti ile aliiunda yeye, ubao kwa ubao, mwaka aliooa. Macho yalipoanza kumwacha alimkabidhi mkwewe. Siku ile ya kukabidhi hakutoa hotuba, alisema tu, "Verner, fanya yote utakayo, lakini usiilaze injini ikiwa baridi."

"Inaimba vizuri leo," alisema Edvin, kichwa kimeinama upande wa injini.

"Si nilikwambia, Mzee? Niliilaza kama mtoto mchanga."

"Sasa huyo mtoto wako amekojoa," alisema Gunnel. "Verner, mbona miguu yangu imelowa?"

Verner alitazama chini. Kati ya mbao za sakafu maji yalikuwa yanapanda, maangavu na baridi, na kikombe kikamtoka mkononi.

Subirini. Kabla hatujazama nao, turudi nyuma kidogo hadi Oktoba.

Mnaijua siku yetu ya kupandisha boti nchi kavu kabla bahari haijaganda. Kijiji kizima kipo gatini, trekta moja, foleni ndefu, na moshi wa sauna unapanda nyuma ya mabanda kutukumbusha kwamba mvuke na bia vinangoja. Verner alikuwa wa mwisho. Boti yake ilikuwa imelala gatini tangu jana yake, na injini ilikuwa baridi kama jiwe la kaburi.

Injini ya namna ile hunywa maji ya bahari ili isiungue. Kabla ya majira ya baridi maji yale lazima yatoke, na dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda iingie mahali pake; huko ndiko kuilaza injini. Yakibaki yataganda, na yakiganda yatavimba na kupasua chuma kama unavyopasua yai. Sasa ndani ya injini kuna kilango kidogo, nacho hufunguka injini ikishapata moto tu. Ukimwaga dawa injini ikiwa baridi, kilango kimefungwa, dawa inapita pembeni na kutokea nyuma kwenye bomba la moshi, ya waridi kabisa, nzuri kutazama. Na huko ndani maji ya bahari yamekaa kimya yanasubiri Januari.

Verner aliyajua yote hayo. Msije mkasema hakujua.

"Wewe Verner!" Maj-Lis alipiga kelele kutoka juu ya trekta. Mnamjua Maj-Lis, mdomo wake hauna breki. "Hiyo boti unaipandisha au unaichumbia?"

"Nipe dakika chache niipashe injini."

"Uipashe? Sauna imeshapata moto, soseji zinapasuka, halafu wewe unatuwekea mapenzi na chuma! Mwite kasisi basi awafungishe ndoa!"

Gati zima likaangua kicheko. Verner naye alicheka, maana nani anapenda kuwa kichekesho peke yake? Akafunga bomba la maji ya bahari, akatumbukiza mpira wa kunyonyea kwenye ndoo ya buluu iliyojaa dawa, akawasha. Injini ilinguruma, ndoo ikakauka, na nyuma kwenye bomba la moshi ikatoka dawa ya waridi. Akazima. Tukapiga makofi. Mmoja wetu alisema, "Umeona? Kazi ndogo tu!" Simtaji jina, anajijua, na sasa hivi anatazama viatu vyake.

Mezani jioni ile Gunnel alimwekea supu ya njegere. "Uliipasha moto kwanza? Baba ameuliza tangu mchana."

Verner alipuliza kijiko. Mzee Edvin alikuwa amekaa pale, mkate mkononi, hautafuni.

"Moto kama sauna," alisema Verner.

Mzee alicheka mpaka mkate ukamwangukia kwenye supu. Na mzee yule akishacheka, haulizi tena.

Januari ikaja, na mnakumbuka ilikuwa Januari ya namna gani: mapipa ya mvua yalipasuka, bomba la kanisa likapasuka, hata ndevu zilivunjika. Chini ya turubai, ndani ya chuma, kitu kilisema *ta*, mara moja tu, na hakuna aliyesikia. Aprili Verner alipofunua turubai alikuta maji ngamani, kule chini kabisa ya boti. "Theluji imeyeyuka," alijiambia, akayafuta kwa tambara. Moyo wake ulimwambia atazame ubavuni mwa injini. Akaufuta nao.

Haya, turudi baharini.

Verner aliinua kifuniko cha injini. Ubavuni mwa chuma palikuwa na ufa mrefu kuliko kiganja, na maji yalikuwa yanaruka kutoka humo kama kisima kilichotobolewa. Kwa nini sasa, wakati gatini ilikuwa kavu? Kwa sababu injini ilikuwa imepata moto. Kilango kile ambacho Oktoba hakukisubiri kilikuwa kimefunguka chenyewe, kwa wakati wake, katikati kabisa ya njia ya meli.

Akazima. Kukawa kimya, na maji yakaacha kuruka. Akashusha pumzi.

Ndani ya ukimya ule akasikia mngurumo mwingine. Nyuma ya kisiwa cha miti, pale njia inapopinda, ilitokeza pua nyeupe ya feri kubwa, ghorofa juu ya ghorofa, ikija moja kwa moja kwao. Mahali pale ni pembamba, feri haina pa kukwepea wala haisimami kama baiskeli. Ikapiga honi fupi fupi tano, na kila mmoja aliyezaliwa visiwani anajua maana yake: *sikuelewi, toka!*

"Washa!" alisema Gunnel.

"Nikiwasha inavuta bahari na kuimwaga humu ndani."

"Na usipowasha?"

Verner aliitazama feri. 

"Verner." Ilikuwa sauti ya mzee Edvin, tulivu, na utulivu ule ndio uliotisha kuliko honi. "Chuma kimepasuka?"

"Kimepasuka."

"Kimepasukaje? Si ilikuwa moto kama sauna?"

Miaka yote Verner alimwita Mzee. Siku ile neno lingine ndilo lililotoka. "Sikuipasha, Baba. Sikuipasha kabisa."

Gunnel aligeuka akamtazama mumewe, na ningekuwa mimi ningeona heri niitazame feri. Lakini mzee hakupoteza hata pumzi moja.

"Washa. Nenda kushoto, kwenye matete. Gunnel, ndoo."

Ndoo iliyokuwepo ilikuwa moja tu, ile ya buluu, bado ina doa la waridi pembeni. Gunnel aliisukuma keki, samoni wakarudi baharini walikotoka, akaanza kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga. Injini iliwaka. Maji yakaruka tena. Yalifika kwenye vifundo, yakapita, na Verner alilia na kuendesha, honi ikimpigia mgongoni.

"Baba, mbele ya matete kuna mwamba!" alipiga kelele Verner.

"Najua mwamba ulipo, umekuwepo kabla yako."

"Boti itapasuka!"

"Kijana, nimesema nenda."

Ndipo Verner alipoelewa. Mzee alikuwa anaitoa boti yake sadaka. Mikono yake iliyoiunda ilishika kingo mbili za boti, kulia na kushoto, kama mtu anayeshika mabega ya mtoto wake. Na Verner akaenda.

Ilipiga mwamba kwa sauti ambayo Verner anaisikia mpaka leo akifunga mlango kwa nguvu. Walirukia jiweni, Gunnel akimvuta baba yake kwa mkanda wa koti la kuokolea. Feri ikapita nyuma yao, ukuta mweupe usio na mwisho, na abiria kwenye sitaha wakiwapungia mikono wakidhani ni watu wa pikiniki. Kisha likaja wimbi lake. Liliinua boti, likaishusha juu ya mwamba, likaiinua, likaishusha. Mara ya tatu haikuwa tena boti.

Maj-Lis alifika na boti yake ya uvuvi, maana Gunnel alimpigia simu akiwa jiweni. Alitazama mbao zinazoelea, akamtazama Verner, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaufunga bila kusema kitu. Kisha akavua sweta lake akamvalisha mzee.

"Nisamehe, Baba," alisema Verner, meno yakigongana. "Boti yako."

"Boti ni mbao," alisema Edvin. Alikuwa ameokota kipande kimoja, anakipapasa kwa kidole gumba. "Ila ulinichekesha, Verner. Nilicheka pale mezani kwangu, na wewe ulikuwa unajua."

Mtoto alibatizwa. Babu yake, Verner, alisimama kanisani na suruali inayochuruzika, na watu walidhani machozi yake ni ya furaha.

Verner na Edvin bado wanakaa nyumba moja, wanakula meza moja. Mzee hakumfukuza wala hakumnunia. Lakini kila jioni anamuuliza, "Umefunga mlango?" Verner anajibu, "Nimefunga, Baba." Mzee anaitikia kwa kichwa. Kisha anainuka, anapapasa ukuta pole pole, hatua kwa hatua, anakwenda kuugusa mlango mwenyewe. Na Verner anakaa pale na kijiko chake, anasikiliza kitasa kikitikiswa.

Funzo la kisa hiki

Jirani zangu, nimewatania vya kutosha, sasa nasema kwa moyo wangu wote. Msiilaze injini ikiwa baridi. Ipasheni mpaka kilango kifunguke, ndipo mmwage dawa, na rangi ya waridi kutoka bombani isiwadanganye, kwa sababu inaonyesha tu kwamba dawa imepita mahali fulani, haionyeshi imepita wapi.

Kazi ukiiruka, sema umeiruka. Verner angesema neno hilo juu ya supu ile, wangetoka wote watatu na taa na ndoo, wakairudia usiku ule ule, na boti ingekuwepo. Ufa wa chuma fundi anaweza kuuziba au kubadilisha injini nzima. Mzee anayekwenda kuugusa mlango kila jioni, sijui fundi wake ni nani.

Na sisi tuliokuwa gatini tusijifiche nyuma ya Verner. Oktoba iliyopita Maj-Lis alizima trekta, akajimiminia kahawa, akasema, "Pasheni injini zenu. Sauna haina miguu." Hakuna aliyecheka. Verner alikuwepo pia, hana boti, anapita kutoka injini hadi injini na kuweka kiganja juu ya chuma, na haondoki mpaka kiungue kidogo.