Ukurasa wa Surua

Kila siku ya shule Ayan aliamka saa kumi na mbili na nusu, akanywa chai ya maziwa, kisha akatembea hadi kituo cha basi cha mtaani kwao, Kingstanding. Jumatatu hiyo alikwenda polepole. Kwapani alikuwa na bango kubwa la somo la historia, na upepo ulikuwa ukilivutavuta.

Bango lilikuwa kazi ya watu wawili. Mwalimu Jaswinder alikuwa amempanga Ayan pamoja na Pallavi waandike habari za Fiji, visiwa vilivyo katika Bahari ya Pasifiki. Tangu siku ya kwanza hawakupatana. Kwa wiki tatu walikaa meza moja wakinuniana, wakinyang'anyana mkasi, wakizungumza pale tu ilipobidi. Ayan aliandika juu ya mabaharia wa Ulaya: Mholanzi Tasman aliyepita huko mwaka 1643, na Waingereza waliokuja nyuma yake. Pallavi aliandika yaliyowapata wenyeji.

Ijumaa mwalimu alisoma ukurasa wa Pallavi, kisha akasema, "Huu ndio moyo wa bango lote." Ukurasa wa Ayan aliupitishia macho tu. Ayan aliona wivu. Naye ndiye aliyepewa kurasa zote akazibandike nyumbani. Jumapili alasiri aliusukuma ukurasa wa Pallavi chini ya godoro, na mahali pake akachora meli yenye milingoti mitatu.

"Pallavi, ukurasa wako uko wapi?" mwalimu aliuliza Jumatatu hiyo, bango lilipotundikwa darasani.

"Anao Ayan!"

"Sina," Ayan alisema bila kumtazama. "Aliuchukua Ijumaa. Alisema anakwenda kuurekebisha."

"Mwongo! Mwongo mkubwa wewe!" Pallavi aliruka, kiti chake kikaanguka kwa kishindo.

"Toka nje," mwalimu alisema. "Darasani kwangu hatupigi kelele."

Pallavi alitoka kwa hasira, huku wengine wakimcheka waziwazi. Ayan alisoma sehemu yake kwa sauti ya ushindi. Alipomaliza, kijana mmoja, Issack, aliinua mkono. "Na wenyeji je? Meli zilipofika, wao walipatwa na nini?"

Ayan hakuwa amesoma hata mstari mmoja wa ukurasa ule. "Hakuna kilichowapata," alijibu. "Waliishi vizuri tu."

Jioni alimkuta mama yake, Safiyo, amesimama kando ya kitanda. Alikuwa akibadilisha mashuka, na mkononi alishika karatasi.

"Huu si mwandiko wako, Ayan."

"Ni takataka tu, Mama."

"Takataka?" Mama alisoma kwa sauti. "'Mwaka 1875 mfalme wa Fiji alirudi kutoka Sydney kwa meli ya kivita ya Kiingereza. Ugonjwa wa surua uliingia pamoja na meli hiyo. Miili ya wenyeji haikuwa na kinga. Inakadiriwa kwamba watu elfu arobaini walikufa katika miezi michache.' Watu elfu arobaini ni takataka?"

Ayan aliangua kilio, akaeleza yote. Mama hakumkumbatia.

"Usinililie mimi. Kesho utawaambia wale wale uliowadanganya."

Kesho yake Ayan alisimama mbele ya darasa, akamkabidhi mwalimu ukurasa ule, akasema alichofanya. "Pallavi, naomba unisamehe."

"Nimekusikia," Pallavi alijibu. "Lakini usidhani sasa mimi ni rafiki yako."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu Jaswinder alimgeukia Pallavi. "Na mimi nilikukosea. Nilitazama kelele zako, sikutafuta ukweli. Nisamehe." Kisha akampa ukurasa wake ausome.

Pallavi alisoma hadi mwisho bila kumtazama mtu. Issack aliacha kuchezea kalamu. Ayan naye, akiwa bado amesimama pale mbele, aliuchukua ukurasa ule, akaubandika juu ya meli aliyoichora, akazinyoosha pembe zake zote kwa kiganja.

"Alama za kazi hii umezipoteza, Ayan," mwalimu alisema, "na mwezi mzima huu utafagia darasa hili. Lakini nisikilize, na ninyi wengine pia. Ayan alitaka kumkomoa Pallavi peke yake. Issack alipouliza juu ya watu wa Fiji, akajikuta akisema hakuna kilichowapata. Hao watu hawajawahi hata kumnunia. Ndivyo uongo unavyofanya: unauanza kwa mtu mmoja unayemchukia, halafu unawaumiza wengi usiowajua. Mkiandika habari za watu, andikeni yaliyowapata, hata kama anayeyajua ni mtu msiyempenda. Sasa fungueni madaftari."