Kipimo Kisichouliza Swali

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alifagia vipande vya nguo chini ya cherehani ya shangazi yake. Jumatatu ile aliamka sikio la kushoto likivuma, kisha likanyamaza kabisa. Shangazi alimwita mara tatu upande huo, cherehani ikiunguruma, bila kujibiwa.

"Umetia pamba masikioni?"

"Sikio hili halisikii, shangazi."

"Juzi tumbo, jana kichwa, leo sikio! Kesho uugue ulimi, nami nipumzike."

Kweli, tumbo na kichwa vilikuwa uongo mtupu wa kukwepa majaribio ya hesabu. Kwa hiyo siku nne zilipita bila mtu kumwamini. Darasani, mwenzake wa dawati alimnong'oneza matusi upande wa kushoto, kisha akawakonyeza wengine wacheke. Siku ya tano mwalimu akachoka: "Usirudi hapa bila cheti cha daktari."

"Leo utaumbuka," shangazi alimwambia njiani siku hiyohiyo.

Hospitalini, mtaalamu wa masikio, mwanamke wa maneno machache, alimvisha vipokea sauti vya masikioni. "Ukisikia mlio wowote, bonyeza kitufe."

Chiriku akawaza: nikionyesha nasikia hata kidogo, watasema nimedanganya. Basi hakubonyeza hata mara moja, si kushoto, si kulia.

Mtaalamu alimvua vile vipokea sauti, akasimama nyuma ya bega lake la kulia, akasema kwa sauti ya chini, "Kamba ya kiatu imefunguka."

Chiriku akainama kutazama.

"Si nilisema!" shangazi akang'aka. "Mwongo mkubwa huyu!"

"Kaa, mama. Mwongo naye huugua."

Akambandika Chiriku nyaya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio. "Sasa sikuulizi kitu. Mashine itapiga milio, kisha itapima jinsi mshipa wa sikio na ubongo vinavyoitikia. Wewe lala tu."

Kwenye skrini, sikio la kulia lilichora mawimbi yaliyofuatana vizuri. La kushoto lilichora mstari bapa, hata sauti ilipoongezwa.

"Maana yake nini?" shangazi aliuliza.

"La kulia ni zima. La kushoto halisikii kweli. Dawa ya tatizo hili hufaa zaidi ikianza mapema, nanyi mmepoteza siku nne nzima."

"Yeye ndiye..."

"Yeye alidanganya, nawe ulikataa kumleta. Ugonjwa haukuwangoja mmalize ugomvi."

Daktari wa hospitali hiyo alimwanzishia dawa siku ileile. Baada ya majuma matatu kipimo kilirudiwa, na mawimbi madogo yakaonekana upande wa kushoto.

"Litapona lote?" Chiriku aliuliza.

"Sijui, na sitakudanganya ili ufurahi. Nawe unapougua, sema kweli tupu, usipunguze wala usiongeze. Tiba huanzia hapo." Mtaalamu akamgeukia shangazi. "Na mtoto akisema anaumwa, apimwe kwanza. Kugombezwa baadaye."

"Kwa hiyo kumgombeza ninaruhusiwa?"

"Baadaye, mama."