Mtu wa Usukani wa Nyuma

Obura hakuwa mwoga wa barabara. Mwaka wa hamsini na mbili alikuwa dereva wa lori la kupeleka magogo ya daraja upande wa Marani, na trela lake lilikuwa refu kiasi kwamba magurudumu ya nyuma yalikuwa na usukani wake na mtu wake. Mtu huyo alikaa peke yake kule mwisho, kwenye kiti cha chuma. Akikata kona vibaya, ncha za magogo zilizochomoza nyuma zilitupwa upande wa pili na kufagia chochote, kiwe ng'ombe au mtu. Ndiyo maana kila penye kona kali alishuka, akatazama ukingo, akapanda tena na kuvuta kamba. Kengele ikilia mara moja kwa dereva, gari linakwenda.

Obwocha aliifanya kazi hiyo miaka mingi. Kisha masika yale aliteleza kwenye kona ya kwanza ya mteremko, na mkia wa trela ukambana ukingoni, akafa. Nafasi yake akapewa Ondieki, kijana aliyekuwa amwoe Anyiko, binti ya Obura, Jumapili ya wiki ileile.

"Baba, umrudishe mzima," Anyiko alisema asubuhi ya safari.

"Nani mwingine atanilia mbuzi wa arusi?" Obura akamtania.

Alasiri ukungu ulishuka. Kwenye kona ya kwanza Obura alisimama, akasubiri. Kengele ikalia. Trela likapinda vizuri ajabu, hata jani halikuguswa, na moyoni Obura akamsifu mkwe wake. Kona ya pili, vivyo hivyo.

Kwenye ya tatu mkia ulichelewa kidogo kugeuka, kisha ukavuta. Obura aliusikia mvuto ule kiunoni. Aliujua. Mtu mmoja tu ndiye aliyekata kona hivyo.

Alifunga breki. Akashuka. Akatembea hadi nyuma akishika magogo.

Kiti kilikuwa kitupu. Usukani ulikuwa ukijirudisha polepole.

Alikimbia kupanda mteremko, akiita. Ondieki alikuwa amesimama kona ya kwanza, mzima. Obura alimkumbatia akalia kwa furaha, bila aibu.

"Baba, nilitaka kupanda," Ondieki akanong'ona. "Kiti kilikuwa na mtu."

"Alisema nini?"

"Alisema nipumzike, mimi ni bwana arusi. Leo atashika nafasi yangu." Akatazama kule chini lilikosimama lori. "Na Jumapili pia."

Ondieki hakuligusa lori tena. Obura hakumwambia mtu. Aliogopa arusi ingevunjika. Jumapili walifunga ndoa kanisani, watu wakaimba, Obura akacheka kupita wote.

Jumanne Anyiko alikuja kwa baba yake na kikapu, uso umemwisha damu.

"Baba, usiku ule wa arusi nilijua nimelala na mume wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Kulipokucha nikamkuta Ondieki amekaa nje mlangoni, amelowa umande. Nikamuuliza mbona hakuingia."

Obura hakutaka kusikia jibu.

"Akasema kitandani kulikuwa na mtu."

Anyiko akalikunjua shuka alilokuja nalo kikapuni. Alikuwa amelifua mara nyingi kwa siku mbili. Katikati yake viganja viwili vya grisi nyeusi vilikuwa vimeachana, kama vya mtu aliyeshika usukani, na vilikuwa bado vibichi.