Goti Lililopona Queensburgh, Likauma Albert Park

Nina miaka thelathini na moja, Mkongo wa Bukavu, msusi hapa Durban. Wasomaji wenzangu, yaliyonipata mwaka 2013 bado yananichoma. Hadi leo nikisikia mpira wa kikapu ukidunda, wivu unanipanda upya...

Mchumba wangu, nimwite Dido, alikuwa nyota wa timu yetu ya wakimbizi ya Albert Park. Timu moja ya Queensburgh, kitongoji cha pembeni mwa jiji, ilimtaka. Wangetupa wachezaji wawili, sisi tuwape Dido, naye aajiriwe dukani kwa mwenye timu. Akipata kazi, atoe mahari, tufunge ndoa. Nilishachagua hadi kitambaa!

Kabla hawajabadilishana, akaumia goti. Kwa daktari aliingia peke yake, mimi nikabaki kwenye benchi nje. Akatoka akaniambia kupona ni mwaka mzima, na Queensburgh hawamtaki tena. Nililia kuliko yeye. Kila jioni nikawa nampikia na kumkanda kwa maji ya moto.

Lakini kulikuwa na Nadège, dada wa kapteni wa Queensburgh. Alikuja na barafu, na marashi, na kicheko chake kile! Dido alisema anamjulia hali tu, nisimuudhi. Jamani, niliwaka! Nilinusa hadi mashati yake. Nikamweleza mama mchungaji, akasema wivu ni pepo, nifunge niombe. Nami mjinga nikafunga! Nilishinda njaa nikimwomba Mungu aniondolee macho yaliyokuwa yanaona vizuri.

Miezi ikapita. Goti, aliniambia, bado. Siku moja mteja saluni akasifia wachezaji wawili wapya wa timu yetu, waliotoka Queensburgh. Kitana kilinidondoka. Wawili hao wametolewa kwa ajili ya nani, kama si Dido?

Jumapili nikapanda taxi hadi kanisani kwa Nadège, Queensburgh, nijionee mwenyewe. Ulipofika wakati wa ushuhuda, Dido alipanda mbele akicheza, bila lile gongo alilotembelea kwangu! Nadège akashika maikrofoni.

“Fiancé wangu goti lilipona kitambo. Timu ilimupokea, kazi iko, na mwezi ujao iko harusi yetu.”

Watu wakapiga vigelegele. Nikanyoosha mkono. Mhudumu akaniletea maikrofoni, akidhani na mimi nina shukrani.

“Na mimi niko na ushuhuda,” nikasema. “Hilo goti nilikanda juzi, kwangu Albert Park. Lilikuwa lingali linamuuma.”

Dido aliinamia goti lake.

Mnadhani harusi ilivunjika? Ilifungwa vilevile, na watu walikula wakashiba. Mimi nilibaki na beseni langu la maji ya moto...

Dada zangu, msipite njia yangu. Wivu mwingine si pepo, ni akili inabisha hodi, mfungulieni. Na mchumba akiumia, msikubali kungoja kwenye benchi. Ingieni naye kwa daktari, msikie kwa masikio yenu ni lini atapona.